Si Kula, Ni Kula: Miaka Yangu Mezani pa Matangazo

Mbale, Alhamisi, tarehe kumi mwezi wa nne. Mvua imeanza kabla ya chai ya asubuhi na mpaka sasa haijaamua kama inakaa au inaenda. Mlima Wanale hauonekani, umejifunika wingu mpaka magotini. Mabati ya hapa Nabuyonga yanapiga kelele hivi kwamba nikijisomea ninachoandika sijisikii, na labda ni afadhali.

Vijana wa redio ndio walioniomba niandike. Siku ya kuniaga, yule binti aliyechukua meza yangu alisema mbele ya watu, "Mama Matangazo, utuandikie ulivyokuwa unafanya kazi, tusije tukakupigia simu kila siku." Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nikaingiwa na woga. Shule yangu iliishia darasa la saba. Kiswahili changu ni cha kambi ya askari magereza pale Jinja, ambako baba yangu alitoka Lango kuja kulinda watu wasitoroke. Kambini tulikuwa Walango, Wateso, Wajapadhola, Wagisu, kila nyumba na lugha yake, na Kiswahili ndicho tulichotumia kugombana na kupatana. Nje ya geti, watu wakikusikia unakiongea walikuwa wananyamaza, kwa sababu kiliwakumbusha wanajeshi na miaka mibaya. Siwalaumu. Basi msomaji akikuta kosa humu, asahihishe tu bila kuniita.

Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini. Wanaoyajua hayo wanayajua. Nitaandika jinsi redio yetu ilivyokuwa ya mwanamke, na jinsi ilivyokaribia kutokuwa yake.

Nilifika Redio Tuli Wano nimeshika birika. Nilikuwa nauza chai barazani pa duka la vipuri la Sardar, Singasinga wa Jinja ambaye babu yake ndiye aliyejenga lile ghorofa. Siku moja watu wa juu wakaita chai. Nikapanda ngazi, nikamkuta mwanamke amejifunga kitenge kiunoni, anabandika trei za mayai ukutani kwa gundi.

"Weka birika chini, shika hapa," aliniambia.

Nikashika. Sikushuka mpaka jioni, na chai ikapoa. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuna aliyeniuliza cheti, na mimi sikukitaja.

Nyinyi mmeikuta studio yenye sponji nyeusi na kiyoyozi. Sisi tulikuwa na trei za mayai, magodoro mawili na blanketi la mlangoni. Trei zinakata mwangwi vizuri sana, ila zile zilitoka moja kwa moja kwa mfuga kuku bila kupanguswa. Wageni waliokuja kuhojiwa walikuwa wanatazama chini ya meza, wakidhani tunafuga.

Yule mwanamke wa gundi alikuwa Mama Khainza, mwenye redio. Ni Mgisu wa huku Mbale. Aliolewa Jinja na dereva wa basi, Msoga, akafiwa mapema, akabaki na watoto wawili na biashara ya vitenge vya jumla. Aliipa redio jina la Tuli Wano, yaani tupo hapa. Pesa za kuianzisha zilitoka wapi sijui, na wale waliokuwa wanaeleza mjini kwa kirefu hawakujua vilevile. Wengine walisema nyuma yake kuna waziri. Wengine walisema kuna mkubwa wa jeshi. Wengine walimtaja Sardar, na Sardar aliposikia alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Mimi?" alisema. "Mimi hata redio ya gari yangu haifanyi kazi!"

Mjini wakatuita Redio ya Bibi. Kwa wasomaji wa mbali nieleze: huku kwetu bibi si nyanya, bibi ni mke. Kwa hiyo jina lile lilikuwa swali. Boda boda akikushusha pale mlangoni anakuuliza, "Wewe unafanya kwa Redio ya Bibi? Bibi ya nani?" Ukimwambia si bibi ya mtu, ni yake mwenyewe, anatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba umefichwa siri na mwajiri wako.

Namkumbuka mtu mmoja wa matangazo ya sabuni. Mvua ilikuwa imenyesha, dari linavuja, na Mama Khainza anasukuma maji nje kwa fagio. Yule bwana aliruka dimbwi, akasimama na viatu vyake vizuri.

"Nataka mwenyewe," alisema.

"Mwenyewe ni mimi," Mama Khainza alijibu, fagio mkononi.

"Hapana, mama. Mwenyewe-mwenyewe."

Mama Khainza alimwangalia kidogo. "Ah. Mwenyewe-mwenyewe ametoka. Njoo kesho saa tatu."

Kesho yake alikuja saa tatu, akamkuta mama yuleyule amekaa kwenye kiti kikubwa, amevaa gomesi ya kijani, fagio limeegemezwa nyuma yake. Lazima niseme haki: yule bwana aliomba radhi vizuri, akaleta sabuni yake kwetu miaka mingi. Lakini neno lilibaki. Tukawa tunaulizana wenyewe ofisini: "Leo yupo mwenyewe, au mwenyewe-mwenyewe?" Mama Khainza alicheka nasi. Sikuwahi kumsikia akilisema yeye.

Aliyenifundisha kazi ni Afande Opio, fundi mitambo wetu. Alikuwa mtu wa mawasiliano jeshini, akastaafu akiwa na masikio mazuri na magoti mabaya. Somo la kwanza alinifunga mikono nyuma kwa kanga yangu mwenyewe. "Tazama mikisa," alisema, yaani ile mashine ya kuchanganya sauti. "Tazama mpaka mikono iache kuwasha." Kwa muda mrefu nilitazama tu jinsi anavyopandisha sauti ya mtu na kushusha ya muziki. Maikrofoni yetu ilikuwa inapiga kishindo kila mtu akisema "p", kama mtu anayetema mbegu. Afande akaivalisha soksi ndefu ya kike. Alikwenda sokoni kuinunua mwenyewe, amevaa koti lake la kijeshi, na aliporudi hakutaka maswali.

Meza ya matangazo ndiyo niliyopewa. Vijana, msidharau meza hiyo. Watu wanadhani redio ni muziki na siasa. Redio ni mtu aliyepanda ngazi akihema, ana msiba, ana mbuzi aliyepotea, ana mtoto aliyeachwa sokoni, na anataka dunia ijue kabla ya jioni. Muulize jina, kijiji, mazishi saa ngapi, na yeye ni nani kwa marehemu. Kisha fuata sheria ya Afande: msomee tangazo lake kwa sauti, yeye akiwa amesimama mbele yako. Akikunja uso, futa, andika upya.

Mama Khainza aliongeza sheria yake. Watu walikuwa wanaandika: marehemu ameacha wajane na watoto, kisha wanataja watoto wa kiume kwa majina. "Wajane hao hawana majina?" aliuliza. "Waulize." Nikawa nauliza. Wengine walikasirika. Mzee mmoja wa Bugembe alikaa akafikiri sana, akaniambia kwa aibu kwamba shemeji yake wanamwita Mama Moses miaka yote, jina hasa halijui. Alishuka akaenda kupiga simu, akarudi nalo: Kawudha. Tulilisoma. Sijui kama huyo Kawudha alisikia.

Kesi ngumu zilikuwepo. Familia mbili zilileta tangazo la marehemu mmoja, kila moja inamzika kwake, siku moja, saa moja. Nilisoma yote mawili, moja baada ya lingine, kwa sauti ileile. Wengine walisema nimefanya vizuri, wengine walisema nimechochea. Mpaka leo nikilala mchana nageuza hilo kichwani.

Lugha nayo ilitutesa. Mimi nilisoma matangazo ya Kiswahili, lakini "sh" yangu ya Kilango ilinigomea. Nilisema "samba" na "silingi" mpaka wasikilizaji wakazoea. Kwa hiyo sikuwa mtu wa kumcheka Mutenyo. Huyu alikuwa kijana Mgisu mwenye sauti nzuri kuliko sisi sote, sauti ya kumfanya mtu aweke sufuria chini asikilize. Ila kwake "r" na "l" zilikuwa mtu mmoja.

"Sema rrr," Afande alimwambia. "Kama jenereta inayowashwa asubuhi ya baridi."

"Lll."

"Rrrais."

"Lais."

"Basi," Afande alisema. "Huyo rais atatusamehe."

Redio ya Jinja ilipotulia, Mama Khainza akataka nyingine, nyumbani kwao. Watu wa Mbale walikuwa wanapata sauti ya Jinja kwa kubahatisha, jua likiwaka vizuri. Akakodi nyumba Malukhu, akatuleta mimi, Afande na Mutenyo kuianzisha. Nilimwachia mdogo wangu baraza la chai. Sardar alinipa tochi, akasema Mbale kuna giza. Mimi nilikuta taa nyingi tu, lakini tochi ninayo bado.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Tulifunga mnara mdogo juu ya paa la Malukhu kwa ruhusa ya majaribio. Mnara ule ulitazama chini, haukutazama juu. Ulifika mjini, Namatala yote, tambarare mpaka njia ya Tororo. Huko mlimani haukufika hata nusu. Ili tupewe leseni kamili ilibidi tuwe na mnara mkubwa, na palipofaa palikuwa mahali pamoja tu: kilima cha ukoo wa Mama Khainza, kwenye miteremko ya Wanale. Kilikuwa kilima cha mawe na nyasi, hata mbuzi walikipanda kwa shingo upande.

Ukoo ulikubali mnara. Haukukubali jina. Mkubwa wao, Mzee Woniala, alisema mkataba wa kukodi uandikwe jina la Gidudu, kaka yake Mama Khainza, mwalimu wa shule ya msingi. Mwenye mkataba angekuwa Gidudu, mnara ungekuwa wa Gidudu, na leseni ingefuata mnara. Afande alinieleza kwa ufupi: "Studio ni mdomo. Koo ni mnara. Mtu akishika koo lako, utaongea akitaka."

Nataka nimtendee haki Mzee Woniala, maana mjini walimfanya kichekesho. Hakuwa mtu wa dharau. Alikuja Malukhu, akakaa na kofia yake magotini, akaongea taratibu.

"Khainza, mwanangu. Watoto wako ni Wasoga. Wewe ukiondoka, kilima cha baba zangu kitaenda Jinja? Shamba la kahawa la babu lilipotea hivyohivyo, kupitia kwa shangazi. Nililia nikiwa na akili zangu, si mtoto."

"Mzee, nitakikodi tu. Sikichukui."

"Ndiyo maana nasema Gidudu akikodi. Ni jina tu."

Na Gidudu naye, mtu mpole, anatazama viatu vyake: "Dada, ni jina tu."

Walipoondoka tulikula mchana, ugali wa posho na maharage, Mama Khainza akawa anazungusha tonge bila kulitia mdomoni.

"Akello," aliniita. Hilo ndilo jina langu, na yeye ndiye aliyebaki akilitumia. "Jina tu. Nimeitwa bibi ya waziri, bibi ya jenerali, bibi ya Sardar. Nilivumilia kwa sababu kwenye karatasi nilikuwa mimi. Nikiweka la kaka yangu, wale wote watakuwa wamesema kweli."

"Ukikataa je?"

"Nikikataa, majaribio yanaisha, tunarudi Jinja na nyaya zetu." Akasukuma sahani. "Nadhani nitakubali. Watu nimeshawaajiri."

Nilisema chai iko tayari, na haikuwa tayari.

Mzee Woniala, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, hakutaka kuamua peke yake. Aliita mkutano wa ukoo, watu wapange mistari kama tunavyofanya kwenye uchaguzi wa mtaa: wanaotaka jina la Gidudu huku, wanaotaka la Khainza kule. Wazee wa mlimani aliwaalika kwa miguu yake. Lakini kulikuwa na wana ukoo walioko kambini, polisi na magereza, na hao wanaishi kwa Kiswahili. Kwa hiyo alileta tangazo mezani kwangu, lile dogo kabisa: "Wana ukoo wote wanaombwa kufika nyumbani kwa Mzee Woniala Jumamosi saa nne kwa ajili ya kura." Hakutaka kuongeza neno. Mambo ya ukoo, alisema, si ya kutangazia dunia.

"Mzee, nikusomee," nilimwambia.

"Mimi si mtoto wa kusomewa."

Nilikuwa na homa, sauti imekauka, nasikika kama mlango. Kwa hiyo tangazo lilikwenda kwa Mutenyo. Nikiwa mezani nikalisikia likitoka kwenye redio ndogo ya dirishani, kwa ile sauti ya kuweka sufuria chini: "...nyumbani kwa Mzee Woniala, Jumamosi saa nne, kwa ajili ya kula."

Nilikimbilia studio. Afande alikuwa ameshashika kichwa.

"Sahihisha," nilimnong'oneza Mutenyo. "Ni kura."

Mutenyo ni kijana mtiifu. Aliwasha maikrofoni, akaongea kwa uzito: "Tunaomba ladhi kwa wasikilizaji. Kwenye tangazo lililopita, si kula. Ni kula."

Afande alikaa chini sakafuni. Nikaisogelea mimi maikrofoni, nikajaribu, ikatoka pumzi tu. Simu ikalia. Alikuwa mwanamke wa Namatala. "Tumesikia," alisema. "Mara ya kwanza tulisikia. Sasa mnatutilia mkazo kwa nini, kuna ng'ombe?"

Nilimpigia Mzee Woniala nimweleze. Simu yake haikushika mtandao mlimani. Mama Khainza tulimweleza jioni. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja: "Mnara wetu mdogo unafika wapi?" Afande akamwambia: mjini na tambarare. Akasema haya, hakutuagiza kusahihisha tena, akaenda kulala.

Ndipo nilipoanza kuelewa, nadhani. Tambarare na Namatala ndiko walikoolewa mabinti wa ukoo ule. Waliolewa na askari, na polisi, na Wateso, na Wajapadhola, na wachuuzi wa mpakani, watu ambao ndani ya nyumba wanaongea Kiswahili kwa sababu mume na mke hawana lugha nyingine ya kugombana. Wavulana walioko kambini, wangapi husikiliza matangazo? Wanaosikiliza ni wake zao, na dada zao, wakiwa wanapika.

Jumamosi nilipanda mlimani na Mama Khainza kwa gari la redio. Tulikuta wazee wameshakaa kwenye viti, na Gidudu amevaa tai. Kisha wakaanza kufika wanawake. Walifika kwa boda boda, kwa miguu, kwa gari la kubebea viazi. Na kwa kuwa binti hafiki kwao mikono mitupu, kila mmoja alibeba kitu: matoke, kuku, malewa makavu, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, na sufuria za kuazima. Mbele yao alikuwa Senge Nambozo, shangazi mkubwa wa ukoo, aliyeolewa zamani upande wa Tororo, mwembamba kama fimbo, ana redio ndogo shingoni kwa kamba.

Mzee Woniala alisimama. "Senge, karibu. Lakini nani amewaita?"

"Redio. Imesema wana ukoo wote waje kula. Mara mbili imesema."

"Si kula! Ni kura!"

Senge Nambozo aliwageukia wenzake. "Ni kura," aliwaambia. Kisha akamgeukia Mzee. "Sawa. Tutapiga kura kwanza, halafu tutakula. Mistari iko wapi?"

"Nilisema wana wa ukoo."

"Na mimi ni nini? Mtoto akitahiriwa unaniita. Binti akiolewa unanikalisha mbele. Leo ni chuma cha redio, ndiyo nimekuwa mgeni?"

"Senge, kilima kitaenda Jinja."

"Kilima hakina miguu, Woniala."

Watu walicheka, na Mzee mwenyewe mdomo ulimcheza. Lakini hakukubali hivihivi, na hapo ndipo nilipomheshimu. Aliuliza wazee: binti ya ukoo akiolewa anaacha jina la ukoo? Wakajibu haachi. Akauliza: tangazo lilisema wote? Wakajibu lilisema wote. Akasimama akikunja na kukunjua kofia. Angeweza kuahirisha, na hakuna ambaye angemlaumu. Akasema, "Basi pangeni."

Gidudu akasimama kichwani mwa mstari mmoja, Mama Khainza kichwani mwa mwingine. Wanawake walipanga na sufuria zao vichwani, na kuku wao kwapani. Wanaume wengi walikwenda kwa Gidudu. Wachache walianza kwenda huko, wakakutana na macho ya dada zao, wakageuka. Haikuhitaji kuhesabu. Mstari wa Mama Khainza ulipita migomba, ukapita choo, ukazunguka ghala.

Mama Khainza hakugeuka kuutazama. Mimi nilikuwa pembeni, si wa ukoo, nikauona uso wake. Alikuwa anatazama mbele tu, midomo imebana, kama anayesubiri kuitwa jina darasani.

Wa kwanza kucheka kwa sauti alikuwa Gidudu. Alilegeza tai. "Afadhali," alisema. "Mimi nafundisha darasa la nne. Chuma kile ningekifanyia nini?" Akamfuata dada yake, akamshika mkono.

Mzee Woniala alitoa sharti lake, na lilikuwa sharti la haki: redio ikifa, kilima kirudi kwa ukoo. Mama Khainza akakubali palepale. Jina likaandikwa lake. Kisha wanawake wakawasha moto, na tangazo la Mutenyo likawa kweli.

Je, Mutenyo alikosea kusudi? Watu wameniuliza sana. Aliapa kwamba alisema kura mara zote mbili, na mimi nilikuwepo, na nilisikia kula mara zote mbili, na naamini sote tulisema kweli.

Mnara ulisimama kabla ya mavuno ya kahawa. Afande Opio alipandishwa kilimani kwa pikipiki kwa sababu ya magoti. Akawasha mtambo, akavua kofia. Sasa amerudi kwao Tororo, anatusikiliza na kupiga simu kulalamika juu ya sauti. Sauti yenyewe ni nzuri. Analalamika kwa mapenzi. Mutenyo ndiye msimamizi wa vipindi. "R" bado haijapatikana.

Mambo hayajanyooka yote. Wapo bado wanaoingia Malukhu wakauliza bwana yuko wapi. Lakini mwaka huu wanawake wawili, mmoja wa hapa mjini na mmoja wa Jinja, wamekuja kwa siku tofauti kumwuliza Mama Khainza jinsi ya kuanzisha vituo vyao, na yule wa Jinja anataka televisheni. Nilimletea kila mmoja chai. Walikaa mpaka jioni. Yule wa televisheni aliuliza kuhusu trei za mayai, nikamwambia azipanguse kwanza.

Nimalizie na wiki yangu ya mwisho kazini. Mzee Woniala alipanda ngazi zetu, anahema, na fimbo. Alikuwa na tangazo la mkutano mwingine wa ukoo, kura juu ya njia ya maji. Aliandika mwenyewe: "wana ukoo wote, wanaume na wanawake." Nikalichukua. Hakuondoka. Alikaa, akaweka kofia magotini.

"Nisomee," alisema.

Nikamsomea. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye neno "kura" nililikokota lile "r" kwa nguvu zangu zote, kama jenereta ya baridi. Akafumbua jicho moja. "Hapo sawa," alisema. Kisha akauliza, "Mwenyewe yupo?"

Mdomo wangu ni mbaya, sikuweza kujizuia. "Mwenyewe, Mzee, au mwenyewe-mwenyewe?"

Alinitazama. Sijui nani alikuwa amemsimulia. Akacheka polepole, mabega yakitikisika. "Si ni mmoja tu?" alisema. Nikaenda kumwita Mama Khainza.

Mvua imekatika saa hii, na Wanale umetoa kichwa. Hapa nyumbani, tangu siku ile, hatusemi tena karibuni mezani. Mjukuu wangu mdogo ndiye anayepiga kelele mpaka kwa jirani: "Njooni kura!" Basi jioni hii tumepiga kura sote, hakuna aliyekataa. Ilikuwa malewa ya karanga na kalo, ugali wetu wa wimbi, na ndizi mbili zilizobaki jana.